Mtoto wa Jicho

Kwenye kiwanda kidogo cha chapa, mjini Tarnów,
Walenty hakuwahi kuhifadhi rangi.
Kila kazi aliianza mikono mitupu:
mwanzo wa mteremko buluu, mwisho wake zambarau,
na katikati akisogeza, akisogeza tena
kile kipembetatu kidogo chini ya mstari
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya betri.

"Bonyeza pale," nikamwambia. "Andika jina. Hifadhi. Basi.
Kesho utaikuta."
"Kesho sitaki kuikuta ya leo.
Uji wa jana hata ukipashwa moto, Jagna,
ni uji wa jana."

Basi nikawa mwizi.
Akitoka kuvuta sigara kwenye ngazi za nyuma
nilibonyeza mimi. Nafasi ya jina tupu,
kishale kikipepesa.
Nikaandika: Walenty 1.
Walenty 2, ya lebo za siki.
Walenty 7, kalenda ya zimamoto, iliyochapwa kinyumenyume
ikabidi tuirudie usiku.
Mwaka wa tatu miteremko ilifika arobaini,
vijisanduku vimejipanga pembeni mwa skrini
naye hata hakugeuza shingo.

Wateja waliipenda buluu yake.
Bibi Dobrochna, wa jamu ya plamu, aliuliza imetoka wapi,
mbona plamu zake mtini
hazina ubaridi ule.

Machi, daktari akamwondolea mtoto wa jicho,
la kulia kwanza, la kushoto baada ya wiki mbili.
Akarudi na miwani ya jua kama mcheza kamari.
Akakaa. Akafungua lebo ya jamu.
Printa tu ndiyo iliyosikika, ikimeza karatasi.

"Nani kamwaga wino hapa?"
"Ni yako."
"Buluu yote hii?"
"Yako. Ya Novemba."

Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kiooni.
Miaka kumi alikuwa akiitazama dunia
kupitia glasi ya chai ya rangi,
na kila mwaka akaongeza buluu kidogo,
na kidogo tena,
kufidia umanjano ambao hakujua anao.

"Futa," akasema.
Nikajifanya sijasikia.

Akatengeneza nyingine, kwa macho mapya. Nzuri. Sahihi.
Plamu ilifanana na plamu.
Bibi Dobrochna akairudisha siku ileile:
hii si jamu yangu, nataka ile.

Alijaribu, Mungu anajua.
Kipembetatu kulia, kipembetatu kushoto,
mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humo.
Macho mazima hayakuijua njia.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akaivaa, akaivua.
"Ile uliyoniibia," akasema, "ni namba ngapi?"
"Thelathini na nne."

Akaifungua
bila kuitazama.