Nani Anachelewa

Zahanati ya Ibra, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Bi Shinuna amelala, vibandiko vitano kifuani,
na Daktari Lamya, aliye Maskati,
anautazama moyo wake kwenye kioo:
piga, piga, kimya,
piga-piga, kimya kirefu, piga.
"Huu moyo unaruka," anasema.
Kisha: "Au ni laini yenu?"
Ndiyo maana nimeitwa mimi.

Wastani nilikuwa nao tayari,
milisekunde thelathini na nane, safi,
wa kuandikia ripoti na kwenda kula.
Lakini wastani ni mwenye shughuli:
atakwambia wageni wote wamekula,
hatakwambia nani alipewa ukoko.
Basi nikaacha kuuliza pakiti zimechukua muda gani,
nikauliza zimefuatanaje.

Nikazituma, moja kila milisekunde ishirini,
elfu tatu kwa dakika,
kila moja na namba yake mgongoni kama mkimbiaji.
Biju, kule Maskati, akakaa kuzipokea.
"Saa yangu na yako hazilingani," akasema, "yangu iko mbele."
Haidhuru, Biju. Saa ikikosea kwa kiasi kilekile
kosa hujikata lenyewe katika kutoa.
Siipimi safari. Napima tofauti ya safari na safari,
ya huyu na aliyemtangulia.

Tisa. Kumi na nne. Mbili. Thelathini na moja.
Nikafurahi, nasema kweli,
nikashika simu nimpigie meneja.
Halafu nikaikumbuka aibu ya Nizwa,
mwaka juzi, nilipoilaani kampuni nzima ya simu
kumbe anayetetemeka ni kompyuta yangu.

Nikachomoa waya. Nikaiamuru ijitumie yenyewe,
mkono wa kulia kwenda wa kushoto:
hakuna mlima hapo, hakuna mnara, hakuna Maskati.
Na bado: saba. Kumi na moja.
Prosesa ilikuwa ikisinzia ili kuokoa betri,
ikiamka kwa miayo kila pakiti ikibisha hodi;
kizuia virusi nacho kikifungua kila mzigo kama forodha.
Nikakizima, nikachomeka umeme wa ukutani.
Sifuri nukta sifuri nne.
Nyani haoni kundule. Leo ameliona.

Sasa laini yenyewe.
Saa nne asubuhi imetulia, moja na nusu.
Saa sita na dakika tano kamera za maegesho
zinapandisha video za jana kwenye waya uleule,
na moyo wa Bi Shinuna umekwama nyuma yao
kama gari la wagonjwa nyuma ya msafara wa arusi.
Hapo: ishirini na sita, arobaini, tatu.
Nikaupa moyo njia ya mbele, kamera zikae foleni.
Nikapima tena, dakika kumi, mara sita,
na sikuandika wastani,
niliandika iliyo mbaya kuliko zote: mbili nukta moja.

"Tayari, daktari. Kinachofika ndicho kilichoondoka."

Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete, akageuza shingo.
Kumbe alikuwa akisikiliza hesabu zangu zote.
"Mwanangu, nani anachelewa, mimi au waya?"

Nikatazama kioo:
piga, piga, piga, piga,
piga, piga,


piga.

Mara moja katika dakika nzima.
Si kamera. Si prosesa, wala saa ya Biju.
Nikakagua namba: zimefika zote, kwa zamu,
hakuna iliyoruka.
Kwa sekunde moja nilitamani niwe nimekosea kupima.

"Waya ulikuwa ukichelewa," nikasema. "Nimeutengeneza."

"Na mimi?"

Nikakunja kebo taratibu, kiganja kwa kiwiko,
kiganja kwa kiwiko,
nikimwachia daktari nafasi ya kujibu;
na jibu likatoka Maskati,
milisekunde thelathini na nane,
halikuyumba.