Sufuria ya Watu Mia Tatu

Dalali alikuja Jumatano, baada ya adhuhuri,
na kijana wake mwenye daftari na kalamu ya kuazima.
Wakahesabu viti, mahema mawili,
sahani za melamini, zile za maua ya buluu.
Walipofika kwenye sufuria wakasita.
Kijana akaigonga ubavuni,
ikalia kama kengele ya shule.

"Hino huichukui," nikamwambia.
"Sheria mpya yasema chombo cha kazi hakiguswi."
Akafungua karatasi. Akasoma. Akakuna sikio.
"Vyombo vya jikoni ni vile vya lazima tu.
Nyumbani mko wangapi, mama?"
"Mimi na Rukiya."
"Na hii yapikia wangapi?"
"Mia tatu. Mchele ukiwa mzuri, mia tatu na ishirini."

Marehemu baba hakuulizwa swali.
Jina lake lilitoka gazetini, Shee Bwanaheri wa Kibokoni,
duka la vitambaa,
na chini yake neno moja: muflisi.
Tangu siku hiyo akawa akiswali safu ya nyuma,
karibu na viatu.
Miaka kumi na tisa. Alikufa hajafunguliwa.
Kaka anasema, makaburini, imamu alipouliza nani anamdai,
watu walinyamaza,
na kunyamaza kule ndiko risiti pekee aliyowahi kupewa.

Mimi nimepewa fomu. Kurasa sita.
Orodhesha wanaokudai:
benki,
chama cha Alhamisi,
Omari wa mchele, Marikiti,
na simu yangu mwenyewe, mara nne, kwa majina manne,
mikopo ya usiku wa manane ya kulipia mikopo ya asubuhi.
Ofisa nyuma ya kioo hakunicheka.
"Ukiwa mkweli, mama, ni miaka michache tu, kisha unafutiwa."
Unafutiwa. Neno la ubao na chaki.
Nilitoka nikasimama juani nikalirudia.
Wote walioniambia dawa ya deni ni kulipa
sikuwabishia. Nilitaka tu wanitajie dozi.

Sasa sikia mambo.
Nyawa Usafirishaji, ya Miritini, malori kumi na moja,
nayo imeelemewa.
Zamani malori yangepangwa mstari yakanadiwa
na madereva wakarudi Kaloleni kwa miguu.
Siku hizi imeletewa msimamizi, mtu wa tai,
na amri: asiwaguse mtu mpaka mpango upatikane.
Malori yaenda Malaba na kurudi.
Nafurahi. Wallahi nafurahi,
yule Katana ana watoto watano.

Ila sherehe yao ya miaka ishirini nilipika mimi.
Mbuzi saba. Sufuria hiihii.
Laki na themanini, hadi leo.
Mimi ni mdai nambari arobaini na moja, chini ya mtu wa matairi.
Tuliitwa ukumbini tukapiga kura:
kila shilingi, senti kumi na tano, kwa miaka minne.
Niliinua mkono. Ningefanyaje?
Chai yao ilikuwa maji matupu;
nadhani aliyeipika naye hajalipwa.

Basi pumzi aliyopewa Nyawa
kipande chake kimetoka kifuani mwangu.
Na hii ninayopumua mimi, imetoka kwa nani?
Juzi nilimsalimu Omari wa mchele.
Alikuwa akipima, hakuinua kichwa.
Nimesimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili.

Dalali aliandika, akafuta, akaandika.
Mwisho akasema, "Nitauliza,"
akaondoka na viti.
Sufuria imebaki uani, haijulikani ni ya nani.
Mvua ya usiku imeijaza nusu,
na asubuhi Rukiya amechota humo maji ya kufulia sare.
Isugue vizuri, nikamwambia, mpaka ndani kwenye mshono.
Ijumaa kuna matanga King'orani.
Wamesema watalipa taslimu.