Usifagie Chini ya Kiti

Jumatatu, Majengo, kwa waosha magari,
kijana anainua zulia la nyuma, anaguna:
"Dada, mmehama na bahari?"
Anaukung'uta mchanga mtaroni
kama uchafu wa kawaida.

Ule mwembamba ni wa Ushongo,
Aikande alipolala miguu nje ya dirisha.
Ule mweupe, uliong'ang'ania mkanda, ni wa Maziwe,
kisiwa kisicho na mti wala choo,
maji yakijaa hakipo.
Tulikaa juu yake wanne, na mwavuli mmoja,
tukila ndizi za kuchemsha tulizofungasha Kibosho,
zimepoa, hazina chumvi.
Elinami akaichovya yake baharini,
akatafuna, akatikisa kichwa: "Sasa imekolea."
Nahodha akapiga kelele:
"Watu wa mlimani, pandeni, kisiwa kinaondoka!"

Kurudi, tairi likapasuka Mombo.
Jeki ilibaki nyumbani, na kila mtu alijua kwa uzembe wa nani.
Hatukusemeshana,
mpaka Ndesari, katikati ya mikonge,
akaanza kucheka peke yake.

Alhamisi gari linachukuliwa na mtu wa Machame.
Aikande anahamia Mwanza.
Mlima leo umejifunika gubigubi,
haujali nani karudi.

Kijana ameinama mlango wa dereva na brashi yake.
"Hapo chini ya kiti, acha."
"Mnunuzi atalalamika."
"Alalamike."