Muhtasari wa Kozi, Rasimu ya Pili

Nilileta karatasi nne, chapa safi:
Saikolojia, wiki kumi na nne, zimenyooka kama gwaride.
Nikasema, kateni mnachotaka.
Kimya. Tudor, saa nane mchana,
feni inakata hewa, haikati joto.

Kisha Nyamvula, kalamu mdomoni:
"Mwalimu, mtihani huu wa akili una picha ya theluji.
Bibi yangu kule Mazeras huhesabu nazi elfu kwa macho.
Mtampa alama ngapi?"

Mbwarali akamtaja babake,
miaka kumi na tisa ya zamu ya usiku bandarini,
sasa usingizi umemkimbia.
"Kitabu kimempa yeye jina la ugonjwa.
Zamu yenyewe haina jina?"

Nikaipiga mstari wiki ya tatu.

Shee, ambaye ni kiziwi, akavuta kiti,
akatuashiria tukae duara:
lugha ya mikono haisomwi kisogoni.
Tukasukuma madawati. Vumbi, chafya, kicheko.
Na mama anayepungwa pepo Majengo,
akauliza Mwanaidi, yuko sura ya tiba
au ya ushamba?
Wakagombana hadi adhana ya alasiri.
Sikuwaamulia. Sikujua.

Nilikuwa nafunga faili, karibu nijipongeze,
simu ikalia: Kadzo, yuko chini uani,
kiti chake cha magurudumu kando ya ngazi,
lifti imekufa tangu Machi.

"Mmefika wiki ya ngapi?"
"Ya tisa."
"Basi rudini ya kwanza.
Mimi bado sijaingia darasani."