Robo ya Mkanda

Daftari la Tsiala lina kurasa ndefu za kimya.
Machi, hakuna. Aprili, hakuna. Mei, hakuna.
Juni, Jumanne moja, mikanda mitatu kwa mkupuo,
kisha kimya tena mpaka theluji ifunge barabara ya Mestia.

Mwanawe Gela alirudi na kompyuta kutoka Tbilisi,
akajumlisha, akagawanya kwa miezi,
akasema: Mama, wewe unauza robo ya mkanda kila mwezi.
Tsiala akamuuliza ni nani huyo
atakayeingia dukani kutaka robo ya mkanda.

Akiba haiozi, husema wenye kuweka nafaka.
Mpira huoza.
Ukining'inia misimu minne huota nyufa
kama kisigino cha mchungaji,
na fedha uliyoifunga humo hupasuka nayo.

Lakini kuna mwaka ule wa Jansug.
Mashine yake ya kukatia nyasi ilinyamaza katikati ya konde,
mawingu yameshafika mabegani mwa mlima,
na lori la Zugdidi limebakiza siku tisa.
Nyasi zikalala mvuani, zikageuka kahawia, zikanuka.
Jansug hakufoka. Alikuja, akalipa deni lake la misumari,
akahesabu chenji mara mbili,
na tangu hapo hajavuka kizingiti.

Hilo halimo daftarini.
Daftari huandika aliyenunua.
Aliyekuja, akakuta hakuna, akaondoka,
huyo hana safu.

Sasa jioni Tsiala huzima redio
akasikiliza ng'ambo ya bonde.
Mashine zote kule zilinunuliwa mnada mmoja, mwaka mmoja;
zitazeeka pamoja, kama wanafunzi wa darasa moja.
Ya Murza imeanza kulia wembamba ikipanda mteremko.
Ya mjane Nargiza inakohoa, ila hiyo ni plagi.

Akapiga simu Zugdidi. Mmoja, alisema.
Akanyamaza, muuzaji akidhani laini imekatika.
Miwili.

Lori lilifika. Juni ikapita. Hakuna.
Gela alicheka kidogo, si kwa ubaya.
Mkanda mmoja uko rafuni, una bei.
Wa pili Tsiala ameutundika msumarini, dirishani,
upande unaotazamana na nyumba ya Jansug.
Kila Jumamosi huuminya kwa kidole gumba.
Bado laini.