Wati Themanini

Upepo wa huku una jina lake, kama mbwa wa jirani:
suête, tunauita, na ukishuka mlimani
hauulizi paa ni la nani.
Saa nane usiku ulizikata nyaya za Chéticamp.
Friji ikapiga kwikwi moja, ikanyamaza.
Sikuisikitikia friji.

Nilikuwa na mayai kumi na mawili ya bata
katika kitotoleshi juu ya meza ya jikoni,
siku ya ishirini na saba, zikitakiwa ishirini na nane,
na kipimajoto kilikuwa kinashuka
kama mtu ateremkaye ngazi gizani, akipapasa.

Ndipo nikakukumbuka, kisanduku.
Rosemond alikuweka chini ya kiti cha pikapu
pamoja na risiti yako na glavu moja ya kushoto.
Miaka miwili sijaugusa mlango ule.
Mpwa wangu Lubin huipasha injini kila Jumapili,
mimi hutazama pembeni.

Usiku ule niliiendesha, hatua kumi na tano tu,
hadi ikabusu kibaraza,
bomba la moshi likielekea kule upepo unakokwenda.
Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi:
Lubin alinielekeza kwa simu, na simu ikafa
kabla hajasema ipi itangulie.
Nikabahatisha.
Cheche moja, ndogo, ya kunicheka.

Nikakupakata, nikakuketisha dirishani kwa ndani,
nyufa nikaziziba kwa taulo.
Sikusomea umeme. Najua yaliyoandikwa mgongoni mwako:
volti kumi na mbili zinaingia, mia moja na ishirini zinatoka.
Mkondo unakujia umenyooka, mpole,
nawe unaufundisha kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
mara sitini kwa sekunde,
kama mimi na lile dirisha.

Wati themanini: hizo tu walihitaji wale wasiozaliwa.
Nikaona zimebaki tele, nikaingiwa na tamaa ya chai.
Birika ni wati elfu moja na mia tano.
Ukapiga ukelele, ukazima kila kitu, ukanikomesha.
Nikakuomba radhi. Nikalichomoa birika,
nikanywa maji baridi, koti mwilini.
Wengine hufunzwa kiasi na mama;
mimi nimefunzwa na fyuzi, uzeeni.

Kulipopambazuka pikapu ilikohoa, ikazimika. Mafuta.
Nawe ukaanza: pii. Pii. Pii.
Inashuka, bibi, betri inashuka.
Nilitoka kwa magoti, kusimama hakukuruhusiwa,
nimelikumbatia dumu la mashine ya theluji.
Nusu niliimimina tangini,
nusu upepo uliinywa.
Ufunguo mara moja, mara mbili. Ya tatu ikaitika.

Kitini ile glavu ilikuwa bado imekunja vidole,
imeshika usukani usiokuwepo.
Niliivaa. Mkono mmoja ukapata joto,
mwingine ukaona wivu.

Nikarudi jikoni. Pii.
Nikakufokea: umeshiba sasa, unalilia nini?
Taa yako ilikuwa kijani. Feni yako ilivuma shwari.
Pii, tena, na haikutoka kwako.

Nikainamia kioo cha kitotoleshi.
Yai la tatu kutoka kushoto lilikuwa na ufa
mwembamba kama unywele kwenye sahani,
na nyuma ya ufa, kitu kikigonga
bila haraka yoyote, kana kwamba nje hakuna upepo.

Umeme wa kampuni ulirudi Alhamisi.
Taa zote ziliwaka kwa pamoja mchana kweupe,
kama wageni waliochelewa shughuli, wakitaka waonekane.
Walitoka saba. Watano hawakutoka,
na sijui kama ni birika.

Jana niliendesha hadi dukani kununua chakula cha vifaranga.
Redio niliiacha palepale alipoiacha:
mtu anasoma hali ya hewa ya baharini, polepole.
Wewe umo chini ya kiti, na risiti yako.
Glavu ya pili bado naitafuta.