Nambari Nne

Julai, kaskazini mwa Maine. Gari la zimamoto limetolewa nje
kupisha viti vya kukunja na jukwaa la mbao za kuazima.
Wasichana watano wanagombea umalkia wa viazi.
Nambari nne ni wangu.

Delphine amepiga filimbi, akakosea, akaanza upya.
Corliss ameigiza kumkamua mbuzi mkaidi,
vidole vikikamua hewa, ukumbi ukicheka hadi machozi.

Mimi niko nyuma ya pazia, pini mdomoni,
napunguza pindo la gauni la mtumba
lililowahi kumfaa bibi harusi wa watu.
"Mama, wakiniuliza kwetu wapi, niseme wapi?"
Pini zikanizuia kujibu. Afadhali.

Nyamahoro akatoka. Taa ikampiga usoni.
Mwamuzi, yule mwenye duka la mbolea, akauliza:
"Ukivikwa taji, utaufanyia nini mji wetu?"
Kimya. Jokofu la soda likanguruma.
"Lile bomba la shuleni," akasema,
"linavuja tangu nikiwa darasa la tatu.
Ndoo huwa naimwaga mimi."

Hakushinda. Taji la bati limemkalia Corliss upande.
Lakini tulipokuwa tukikunja viti
mwanamume mmoja alimfuata, kofia mkononi:
"Bomba lipi hasa? La jikoni, au la maktaba?"

Tukarudi katikati ya mashamba meupe kwa maua.
Alisinzia kabla ya daraja,
shanga za nywele zikigonga kioo,
nami ndipo nikakumbuka:
pini moja imebaki kwenye pindo.